Lebo Ilibadilika, Tundu Likabaki Lile Lile

(Haya ni mazungumzo niliyotoa Mombasa mbele ya wasimamizi wa mitandao na seva. Nimeyaandika upya kutoka kwenye karatasi zangu na kupunguza porojo, ingawa si zote.)

Assalamu alaikum. Hamjambo nyote? Wazee wetu mlioketi mbele, shikamooni.

Bwana mwenyekiti ameniambia nina dakika thelathini na tano na kwamba baada yangu ni chakula. Harufu ya pilau imeshafika hapa mbele, kwa hiyo najua fika nashindana na nini.

Nianze kwa kuuliza. Nani humu ndani ana seva au faiawoli ambayo haijazimwa mwaka mzima? Inueni mikono, msione haya. Mmoja, wawili, watatu... yule kaka wa nyuma kabisa ameinua yote miwili. Na wote mnatabasamu. Tabasamu hilo nalijua, maana lilikuwa langu.

Nilikuwa nahudumia zahanati moja ya binafsi, jina lake nitaliacha. Mtandao wao wote ulipita kwenye kisanduku kimoja kilichofungiwa kabatini, juu ya mabunda ya karatasi za risiti, kikiendesha mfumo endeshi uitwao OpenBSD. Siku 412 hakijazimwa. Nikaipiga picha ile namba, nikaitupa kwenye kundi letu la WhatsApp, wenzangu wakanimwagia vidole gumba. Miezi miwili kabla ya picha ile kilikuwa kimetoka kiraka, yaani sahihisho, cha kerneli, kile kiini cha mfumo. Nilikisoma. Kiliandikwa kuwa ni cha uthabiti, hakikuandikwa usalama, nikajiambia hiki kitangoja. Kukiweka kulitaka nizime mashine na kuiwasha, na namba yangu nzuri ingerudi sifuri.

Ijumaa moja nimetoka msikitini, viatu sijavaa sawasawa, simu ikaita. Dada wa mapokezi. "Kaka, intaneti imekata tangu saa saba, na hapa foleni imefika nje, kadi za bima hazisomeki." Nikamwelekeza afungue kabati, achomeke skrini, anisomee anachokiona. Akasoma herufi moja moja kama anayesoma jina la dawa asiyoijua: di, di, bi, mabano, sifuri, mabano, mshale.

Wanaoijua OpenBSD naona wameshaguna. Kerneli yake ikikutana na jambo ambalo halikupaswa kutokea kabisa, haibahatishi. Inasimama palepale, inafungua chombo chake cha kuchunguzia hitilafu kiitwacho ddb, na inakungoja uje uiulize imeona nini. Kwa mtu anayeandika kerneli hiyo ni neema tupu. Kwa kisanduku kilichofungiwa kabatini bila skrini wala kibodi, ni mlinzi aliyezimia na ufunguo wa geti mkononi. Ipo namna ya kuiambia isingoje bali ijiwashe upya: mstari mmoja tu, ddb.panic=0, ndani ya faili la mipangilio, sysctl.conf. Sikuwa nimeuandika. Nikadandia bodaboda kutoka Kisauni hadi kisiwani, juani, na kanzu.

Kiraka kilichoningoja miezi miwili kilikuwa kinatibu maradhi hayo hayo.

Basi leo nataka tulizungumze lile neno lililonihadaa: uthabiti.

Kwa ambao hawajawahi kuuona, OpenBSD ni mfumo endeshi wa chanzo huria. Theo de Raadt aliuanzisha Oktoba 1995 baada ya kukosana na wenzake wa NetBSD, mfumo mwingine wa ukoo huo, na mpaka leo maskani yake ni Calgary, nchini Kanada. Toleo jipya hutoka kila baada ya miezi sita. Na wewe unayesema huutumii, unautumia: OpenSSH, ile unayoingilia kwenye kila seva yako ya Linux, ni kazi ya watu hao hao, ilianza kutoka na toleo 2.6 mnamo Desemba 1999.

Kila toleo lina orodha yake ya masahihisho. Ni orodha kavu mno. Namba ya kiraka, tarehe, aina za mashine zinazohusika, sentensi moja au mbili za kueleza kosa, basi. Hakuna alama za hatari kutoka moja hadi kumi, hakuna hitilafu iliyopewa jina la kutisha na mchoro wa moyo unaotiririka damu. Ila mbele ya karibu kila kiraka kuna maneno mawili makubwa: ama ni marekebisho ya usalama, ama ni marekebisho ya uthabiti.

Usalama, maana yake kuna mtu anaweza kukudhuru kwa kulitumia kosa hili. Uthabiti, maana yake mashine inaweza kuanguka, kuganda au kuharibu data bila mtu yeyote kukusudia. Hapo panaeleweka. Mtu mwenye kazi nyingi ataweka vya kwanza leo, vya pili akipata nafasi, na nafasi sote tunajua haipatikani.

Sasa niwarudishe Februari 2007.

Watafiti wa kampuni ya usalama wa kompyuta, Core Security, waliwaandikia watu wa OpenBSD kwamba wamekuta kosa katika namna kerneli inavyopokea pakiti, yaani vifurushi vya data, za IPv6, ule mpango mpya wa anwani za intaneti. Niwaeleze taratibu kidogo, maana utamu wote uko hapa. Pakiti ikiingia, kerneli huitia kwenye vifuko vidogo viitwavyo mbuf, baiti 256 kila kimoja, na ikiwa kubwa huunganishiwa mfuko mwingine mkubwa pembeni. Kulikuwa na mahali ambapo kerneli, ikinakili pakiti za ICMPv6 (jumbe za mashine kupashana habari za mtandao) zilizokatwa vipande, haikupima sawasawa kama kinachonakiliwa kinaenea ndani ya kifuko. Kilichozidi kilimwagikia kifuko cha jirani. Umeshamwona mtu akimimina uji wa sufuria kwenye kikombe huku anazungumza na simu? Ndiyo hiyo.

Watu wa OpenBSD wakalitazama, na ndani ya wiki moja msimbo ukawa umesahihishwa. Hapo hawana lawama, kwa mwendo walikuwa wepesi. Lakini jibu lao lilikuwa hili: kweli, mtu akizituma pakiti hizo mashine itaanguka, ila kuanguka ni jambo la uthabiti. Wakafafanua kwamba kosa la kuangushwa kwa mbali tu hawaliiti tena tundu la usalama. Jina hilo wameliwekea kosa linalompa mtu wa nje mamlaka juu ya mashine yenyewe. Kiraka cha matoleo yaliyokuwa kazini kikatoka Machi 7, nacho kikaitwa cha uthabiti.

Core hawakubishana kwa maneno. Walikuwa wamekaa chini wakaandika programu. Ndani ya kile kifuko cha jirani kilichomwagikiwa kulikuwa na sehemu inayoiambia kerneli: ukimaliza na kifuko hiki, nenda anwani fulani ukatekeleze kazi ya kukirudisha ghalani. Ukijua umwage kiasi gani na umwage nini, anwani ile unaiandika wewe. Na kerneli, kwa utiifu wake wote, inakwenda ulikoielekeza na kufanya ulichoiandikia. Mashine ni yako. Hakuna nenosiri lililoulizwa, hakuna mlango uliobishwa.

Lebo ikabadilishwa. Ukiitafuta leo kwenye orodha ya toleo 4.0 utaikuta imeandikwa usalama, pamoja na ushauri kwamba ambaye hajaweka kiraka azuie IPv6 kwenye faiawoli kwa mstari mmoja. Na ule usemi wao mashuhuri, waliokuwa wakijivunia kwamba kwa zaidi ya miaka kumi usakinishaji wa kawaida umekutwa na tundu moja tu la kuingilika kwa mbali, lile la OpenSSH la Juni 2002, ukalazimika kusomeka matundu mawili. Ndivyo unavyosomeka hadi leo.

Hebu tulieni hapa kidogo. Kati ya lebo ya kwanza na ya pili, nini kilibadilika? Kosa lilikuwa lile lile, vifuko vile vile, baiti zile zile. Mtu mmoja tu alikaa kitako siku kadhaa akalifikiria zaidi ya wenzake. Lebo ya kiraka inakwambia binadamu wamelifikiria kosa kwa muda gani hadi siku ile ilipoandikwa. Kesho anaweza kuamka mtu mwingine, mahali pengine, mwenye subira zaidi, na huyo halazimiki kumwandikia mtu yeyote barua.

Siwalaumu watu wa Calgary kwamba walidanganya. Waliandika walichokijua. Mwenye kosa ni msomaji anayeichukua lebo kama ahadi, na msomaji huyo anasimama mbele yenu.

Na wao wenyewe, ukiwatazama kwa matendo, hawaziamini sana lebo zao. Nitawaonyesha.

Zamani kiraka cha OpenBSD kilikuja kama msimbo mtupu. Unakishusha, unakagua saini yake, unakipachika kwenye msimbo wa mfumo, halafu unajenga upya wewe mwenyewe. Kwenye visanduku vyetu vidogo vya Soekris, kujenga kerneli kulitosha kupika biriani, kuila na kuosha vyombo. Kwa hali hiyo lazima utachagua. Unaona kiraka cha uthabiti kinachohusu kadi ya mtandao usiyokuwa nayo, unakiruka. Cha pili kinahusu mfumo wa faili usioutumia, unakiruka. Baada ya mwaka una mashine ambayo hakuna mwingine duniani anayo mfano wake, na ikiharibika hakuna wa kumuuliza.

Aprili 2017, na toleo 6.1, ikaja amri ya syspatch. Unaandika neno hilo moja, inashusha viraka vilivyokwisha kujengwa, inavikagua, inaviweka kwa mpangilio wa namba zake. Inachukua dakika chache. Ukitaka kujua tu kama kuna vipya, syspatch -c. Ukitaka kukirudisha nyuma cha mwisho, syspatch -r. Lakini tafuta kila kona ya maelezo yake uone kama kuna namna ya kusema niletee vya usalama peke yake. Hakuna. Unavichukua vyote kwa safu yake, au huvichukui. Walioziandika lebo ndio walioinyima amri yao uwezo wa kuzisoma.

Mimi nilipoligundua hilo nilicheka peke yangu ofisini.

Hapa niweke kando kidogo. Julai 2008 Linus Torvalds, mwenye Linux, aliwatukana watu wa OpenBSD kwa maneno ambayo siwezi kuyarudia mbele ya wazee hawa. Waliokuwepo enzi hizo mnayakumbuka, naona mnacheka. Ukiondoa tusi lenyewe, hoja yake ilikuwa kwamba kosa la usalama ni kosa kama makosa mengine, na kwamba fundi anayerekebisha kosa la kawaida anastahili heshima sawa na anayerekebisha lile linalotangazwa magazetini. Na wale aliowatukana, tangu walipoanza kupekua msimbo wao faili kwa faili mwaka 1996, wamekuwa wakisema hawatafuti hasa matundu ya usalama, wanatafuta makosa ya kawaida na kuyaondoa, liwe linadhuru au halidhuru. Watu wawili wanagombana kisimani, na maji wanayoteka ni mamoja.

Niwape mfano wa upande wa pili, tena huu unawahusu wote humu, hata mlioapa kutogusa kitu kisicho Ubuntu.

Julai 1, 2024, kampuni ya usalama ya Qualys ilitangaza tundu la OpenSSH lililopewa jina regreSSHion. Nani alikesha siku ile? Nawaona. Lilikuwa hivi. Ukifungua mazungumzo na sshd, ile sehemu ya OpenSSH inayopokea wageni kwenye seva, halafu usiingize nenosiri, inakuvumilia kwa muda, kwa kawaida sekunde 120. Muda ukiisha, saa ya ndani inalia, na sshd inaacha chochote ilichokuwa ikikifanya, hata ikiwa katikati ya kupanga kumbukumbu, inakwenda kuandika kwenye daftari la mfumo kwamba mgeni huyu amechelewa. Kwenye Linux nyingi, ile kazi ya kuandika daftarini nayo inataka kupanga kumbukumbu. Basi mikono miwili inaingia kwenye droo moja kwa wakati mmoja. Mshambuliaji anayeweza kuitegea saa ile kwa usahihi wa kutosha anapata mashine na mamlaka yote ya root, yaani msimamizi mkuu. Kwenye majaribio yao ya mashine za biti 32 iliwachukua wastani wa mara elfu kumi, yaani saa tatu hadi nne, kuipatia saa ile, na saa sita hadi nane kuipata mashine yenyewe, maana anwani ya kumbukumbu waliikisia sawa nusu ya mara tu. Muda wa usiku mmoja wa kulala.

Kosa lenyewe lilikuwa la zamani, lilishazibwa mwaka 2006, likarudi kwa bahati mbaya Oktoba 2020 msimbo wa kuandika daftarini ulipokuwa unapangwa upya. Linux ikalia. OpenBSD, wenye OpenSSH yao, hawakuguswa. Kwa nini? Kwa sababu mwaka 2001 waliandika namna nyingine ya kuandika daftarini, syslog_r, isiyogusa upangaji wa kumbukumbu, ili iweze kuitwa salama hata saa inapolia katikati ya shughuli.

Mwaka 2001. Lile kosa la 2020 lilikuwa bado halijaotwa hata ndotoni. Walichokifanya ni kazi ya uthabiti, ile ambayo haiandikwi popote: waliona programu inaweza kuganda siku moja katika milioni, wakasema haifai kuganda hata siku hiyo. Miaka 23 baadaye ikawa ngao. Mara ile ya kwanza, mwaka 2007, waliita kitu uthabiti kikageuka usalama kwa ubaya. Huku kimegeuka kwa wema.

Isije mkadhani nimekuja kuwauzia OpenBSD. Makosa yao yapo, mengine ya kuchekesha. Desemba 2019 Qualys hao hao walionyesha kwamba jina la mtumiaji likianza na kistari, programu ya kuthibitisha nenosiri ililichukua kama agizo badala ya jina. Ukichagua agizo la kufaa, unathibitishwa bila nenosiri. Mfumo uliojengwa kwa uangalifu wote ule, umepitwa na kistari! Wakalirekebisha kosa hilo chini ya saa 40. Mwezi uliofuata, Januari 2020, likaja la barua pepe: OpenSMTPD, seva yao ya barua, ilipaswa kukataa anwani ya mtumaji yenye herufi za ajabu, lakini sehemu ya jina ikiwa mbovu na sehemu ya kikoa ikiwa tupu, ilijaza kikoa yenyewe kwa ukarimu na kusema anwani ni sahihi. Ukiandika nukta-mkato na amri ndani ya jina, amri inatekelezwa, kama root. Kosa hilo lilikuwa limekaa humo tangu Mei 2018. Kwa usakinishaji wa kawaida programu ile husikiliza mashine yake tu, ndiyo maana hesabu ya matundu mawili haikuguswa. Mimi naona hapo wanajipendelea kidogo, maana nani anaweka seva ya barua ili ijiandikie barua mwenyewe?

Babu yangu mzaa mama alikuwa fundi wa kalafati, Lamu. Jahazi lilipandishwa pwani maji ya bamvua yakijaa, maji yakirudi linabaki juu ya mchanga limeegemea gadi, na yeye anaanza. Alipitisha ukucha kwenye mshono wa ubao na ubao, pole pole, kutoka tezi hadi omo. Ukucha ukizama, anasimama hapo, anachukua pamba iliyolowa mafuta, anaisindilia kwa patasi butu na nyundo ya mbao. Nikiwa mtoto nilimuuliza anajuaje lipi litavuja na lipi halivuji. Hakujibu, aliendelea kugonga. Mshono wote ulitiwa pamba, ule uliovuja na ule ambao bado. Na kila siku jahazi lilipokuwa juu ya mchanga halikubeba mzigo, na mwenye jahazi alilalamika, na hakuna aliyemsikiliza.

Najua mnangoja niseme ile methali ya ufa na ukuta. Sisemi.

Sasa mambo mawili ya kazi kabla mwenyekiti hajanivuta kanzu.

La kwanza ni umri. OpenBSD hutoa viraka kwa matoleo mawili ya mwisho tu, yaani kila toleo linaishi takriban mwaka mmoja. Wenye hesabu za haraka mlishanikamata zamani: siku 412 ni zaidi ya mwaka. Siku ninayopiga picha ile, toleo langu lilikuwa tayari limekwisha muda wake, na ukimya wa mashine nikautafsiri kuwa afya. Hakuna kiraka kipya, basi mambo mazuri. Kumbe hakuna kiraka kwa sababu hakuna anayeshona tena. Tangu toleo 6.6 la Oktoba 2019 ipo amri ya sysupgrade, inashusha toleo linalofuata, inajiwasha, inajisakinisha, inajiwasha tena, wewe unakunywa kahawa. Hatuna kisingizio.

La pili ni saini. Kiraka kinashushwa kutoka kwenye seva za watu wengi, nchi nyingi, na baadhi ya mitandao yetu hatujui nani yuko katikati. Tangu toleo 5.5, Mei 2014, kila kitu kinatiwa saini kwa programu ndogo iitwayo signify aliyoiandika Ted Unangst. Ufunguo wa umma ni mstari mmoja wa herufi 56, unaweza kuusoma kwa simu mtu akauandika kwenye kiganja. Na juu ya kila faili la saini kuna mstari wa maelezo unaoanza kwa kusema wenyewe kwamba ni maelezo yasiyoaminika. Naipenda sana heshima hiyo. Faili linakwambia: haya niliyoyaandika hapa juu usiyasadiki, kagua saini. Na ndani ya toleo ulilonalo umeshawekewa ufunguo wa toleo linalokuja, kwa hiyo ukiwa uliingia kwa mlango wa halali mara ya kwanza, mnyororo haukatiki. Ukiruka matoleo sita ukashusha faili popote ulipolikuta, umeukata mwenyewe.

Na kerneli mpya haifanyi kazi mpaka uwashe upya. Kuna watu wanaendesha syspatch, wanaona limeandikwa tayari, wanafunga kompyuta wanakwenda nyumbani. Kiraka kiko kwenye diski, kerneli ya zamani bado iko kazini. Hao nawajua kwa majina, lakini tumetoka mbali.

Nafikiri nina muda wa swali moja. Ndiyo, dada, wewe mwenye mtandio wa kijani.

(Aliuliza: "Mwalimu, yote nimeyaelewa, lakini bosi wangu hataki mashine izimwe hata dakika tano. Nikimwambia kiraka ni cha uthabiti ananiambia mbona inafanya kazi. Nifanyeje?")

Ahsante. Bosi wako na wa kwangu nadhani walizaliwa nyumba moja. Usimwombe dakika tano, mwombe kisanduku cha pili. OpenBSD tangu toleo 3.5, mwaka 2004, ina kitu kinaitwa CARP: mashine mbili zinashika anwani moja, moja inafanya kazi, ya pili inangoja. Kuna na mwenzake, pfsync, anayezipasha habari za mazungumzo yanayoendelea ili yasikatike. Unaweka viraka kwenye inayongoja, unaiwasha upya, unaitazama robo saa. Kisha unaishusha cheo iliyo kazini, ile ya pili inashika, hakuna anayejua. Halafu unarudia kwa ya kwanza. Nilikuwa nikifanya hivyo saa nane usiku. Siku hizi nafanya saa nne asubuhi, mchana kweupe, maana usiku wa manane mtu hukosea na hakuna wa kumpigia simu. Na gharama ya kisanduku kidogo, mpelekee bosi pamoja na hesabu ya mapato ya saa moja ofisi ikiwa haina intaneti. Usimpelekee neno usalama wala uthabiti. Mpelekee shilingi.

Ile zahanati ilikubali kununua cha pili, si kwa maneno yangu, kwa sababu ya foleni ya Ijumaa ile. Visanduku viwili vipo kabatini, kimoja juu ya kingine, mabunda ya risiti yamehamishwa. Na dada wa mapokezi amebandika karatasi ndani ya mlango wa kabati, kwa kalamu nyekundu: "Ukiona ddb, piga picha ya skrini kwanza, usizime. Ndipo umpigie kaka."